Niandikieni Hata Ribaundi Moja

Jumatano usiku, nikiwa bado sijavua viatu, msaidizi wa kocha alipita katika chumba cha kubadilishia nguo cha chuo chetu hapa Kansas, Marekani, akitugawia karatasi za mechi, na mbele ya jina langu palikuwa pameandikwa: dakika 22, pointi 9, ribaundi 11 (mipira iliyodakwa baada ya kukosa kikapu), mipira aliyopoteza 4. Sijaikunja bado, simu ikalia. Alikuwa dada yangu wa Temeke, ambako Alhamisi ilikuwa imeshapambazuka, naye alikwisha kuyaona yote hayo kwenye mtandao wa chuo na alitaka kujua hiyo mipira minne niliipotezaje. Nilikaa na karatasi ile mkononi hadi wenzangu wakaondoka. Nimecheza mpira wa kikapu Dar es Salaam kwa miaka saba, kuanzia viwanja vya shule hadi Don Bosco Upanga, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniandikia ribaundi hata moja.

Nilipomaliza kidato cha sita niliwaandikia barua pepe makocha 64 wa vyuo vya miaka miwili vya Marekani. Waliojibu walikuwa 11, na wote walitaka mambo yale yale: video ya mechi nzima, vyeti vya shule, urefu wangu, na takwimu za msimu uliopita. Video nilikuwa nayo, kwa sababu binamu yangu alisimama juu ya benchi dakika zote akinirekodi kwa simu. Vyeti nilikuwa navyo. Urefu alinipima fundi cherehani wa jirani yetu kwa futi yake ya kupimia nguo, akiwa amepanda kwenye kiti, tukapata sentimita 193. Takwimu sikuwa nazo, na sikujua hata pa kuanzia kuzitafuta.

Nilikwenda kwa waliosimamia mashindano ambayo timu yetu ilikuwa imefika fainali. Mara ya kwanza niliambiwa mwenye ufunguo wa kabati amesafiri, mara ya pili amerudi lakini anaumwa, na mara ya tatu kabati lilifunguliwa, likatolewa daftari lenye mstari mmoja kuhusu siku ile: 61 kwa 54. Hapakuwa na jina la mchezaji hata mmoja. Karatasi halisi ya mezani, ile ambayo makarani waliijaza mbele ya macho yetu, pointi kwa pointi na faulo kwa faulo, hakuna aliyejua ilikokwenda, wala hapakuwa na mtu aliyeshangaa kwamba haipo. Na hata kama ingepatikana, isingekuwa na ribaundi, kwa sababu hizo kwetu hazina mwandishi.

Makocha tisa kati ya wale 11 walinyamaza. Mmoja aliniambia wazi kwamba hawezi kumpelekea mkuu wake wa michezo jina lisilo na namba. Wa mwisho, ambaye ndiye kocha wangu leo hapa Kansas, aliitazama video ya binamu mara mbili akiwa na kalamu, akanihesabia yeye mwenyewe, kisha akanitumia hesabu ile: ribaundi 14. Mtu wa kwanza kunihesabia alikuwa hajawahi kukanyaga Tanzania, na mechi yenyewe ilikuwa na miezi mitano tangu ichezwe.

Kwa wadogo zangu wanaoniuliza, nieleze kwamba vyuo hivi vina shirikisho lao, NJCAA, lililoanzishwa mwaka 1938. Chuo cha daraja la kwanza kinaweza kukulipia ada, vitabu, malazi na chakula. Daraja la pili kinaishia kwenye ada na vitabu. Daraja la tatu hakitoi ufadhili wa michezo kabisa. Unacheza miaka miwili, kisha unatafutwa upya na vyuo vikuu, na kinachokutangulia huko kila mara ni karatasi. Jimmy Butler alimaliza sekondari bila kutafutwa sana na vyuo vikuu, akacheza mwaka mmoja Tyler Junior College huko Texas, akachukuliwa na Marquette, na mwaka 2011 akachaguliwa wa 30 kuingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Hapa Kansas, mji wa Hutchinson umekuwa mwenyeji wa mashindano ya taifa ya vyuo hivi kwa wanaume tangu 1949, na kijana anayecheza pale leo anajua kwamba jina lake halitapotea.

Najua jibu linalonisubiri. Kaka, umekaa ughaibuni misimu miwili, tayari unatuona washamba. Sijawaona washamba. Baba yangu wa ubatizo katika mchezo huu ni mwalimu mmoja wa Temeke aliyetufundisha kila Jumamosi bila malipo, akitengeneza nyavu za kikapu kwa kamba za manila, na hadi leo sijakutana na kocha wa hapa anayelijua zoezi la kulinda bila mpira kama yeye. Ukikaa naye atakusimulia fainali za miaka 20, nani alifunga ngapi na nani alitolewa kwa faulo tano. Yote yamo kichwani mwake, na hilo ndilo linaloniuma, maana kichwa chake hakiambatishwi kwenye barua pepe.

Mwingine ataniuliza: mbona Hasheem Thabeet alifika bila karatasi zako? Namheshimu Thabeet kuliko wengi wanaomtaja. Mtoto wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili katika NBA mwaka 2009 ni fahari ambayo sitaki ipunguzwe na mtu yeyote. Lakini Thabeet ana urefu wa mita 2 na sentimita 21. Kimo kile kinajisemea chenyewe, skauti, yaani msaka vipaji, anakiona akiwa ng'ambo ya barabara. Mimi wa sentimita 193 nikisimama Kariakoo sokoni hakuna anayegeuka, na wachezaji wetu wengi ni wa kimo changu au pungufu. Tusipoandikwa, nchi nzima inabaki kumngoja mrefu mwingine azaliwe, na walinzi wetu wenye akili ya mchezo wanazeeka wakiitwa mafundi wa mtaa.

Msiniambie ni umaskini. Nimekulia humo, sihitaji kuelezwa. Kuhesabu ribaundi kunahitaji kalamu, kaunta buku na mtu mmoja anayeutazama mpira badala ya kushangilia. Akina dada wangapi wanakuja uwanjani na wanaujua mchezo kuliko tunaocheza? Pesa hazijawahi kuwa sababu ya karatasi ile ya fainali kupotea. Ilipotea kwa sababu, mechi ilipokwisha na kombe kunyanyuliwa, hakuna aliyeona kwamba kuna kijana ambaye maisha yake yamo ndani ya karatasi ile.

Wala sisemi huku ni peponi. Karatasi hii inanihukumu kama inavyonitetea: nikipoteza mipira minne leo, kocha wa chuo kikuu kilicho maili elfu moja kutoka hapa anaisoma kesho, na hajui kwamba nilikuwa na homa. Ufadhili wangu unatazamwa upya kila mwaka. Upepo wa Januari katika nyanda hizi sitausimulia. Hata hivyo, afadhali nihukumiwe kwa nilichofanya kuliko kusahauliwa pamoja na nilichofanya.

Binamu yule aliyenirekodi sasa yuko kidato cha tatu, na anacheza. Tangu Agosti dada anakwenda naye uwanjani na kaunta buku, amepiga mistari kwa rula, na kila Jumapili ananitumia picha ya ukurasa. Wa wiki iliyopita una ribaundi 8, pasi za kufungia 6, na mahali pamefutwa kwa sababu waligombana kama mpira mmoja ulikuwa wake au wa mwenzake. Nilimwonyesha kocha wangu. Aliishika simu karibu na macho, akauliza walicheza na nani na tarehe ngapi, nikamwonyesha juu ya ukurasa, kwa mwandiko wa dada, vyote viwili vimo.