Uanagenzi wa Mto Sabaki: Kazi ya Kusomea au Kibarua Kilichobadilishwa Jina?

Masika yakikolea, maji ya ghuba ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ni udongo uliozolewa bara na mto Athi, ukashuka na Galana, ukaja kumwagwa na Sabaki kati ya mji wa Malindi na Mambrui. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne maeneo hayo, udongo huo ni kazi ya uhifadhi inayongoja mikono: kingo za kushikwa zisimomonyoke, mikoko ya kupandwa, maji ya kupimwa. Mabishano yako kwenye mlango wa kuingilia. Wako wanaosema ashike uanagenzi chini ya mtu anayeijua kazi, na wako wanaosema atafute karo kwanza, aende chuo, cheti ndicho kimfungulie.

Uanagenzi wenyewe si jambo geni Pwani. Jahazi halikufundishwa darasani, na mlango wa Lamu haukuchongwa kwa kitabu. Hata mkata mikoko wa Lamu hujua kwa kutupia jicho kwamba huu ni ufito, ule ni pau, hili ni boriti, ile ni nguzo, kwa sababu alikaa miaka nyuma ya mtu aliyejua. Kinachobishaniwa ni kama uhifadhi ni ufundi wa aina hiyo.

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Chukua upandaji wa mikoko, kazi inayoonekana rahisi kupita zote na inayoharibika kuliko zote. Mbegu ndefu ya mkoko haipandwi kabla ya kukomaa: iliyo tayari hudondoka ukiigusa, na shingo yake, pale inapokutana na tunda, imeanza kuwa manjano. Ukiona tundu dogo kwenye ngozi, itupe, kuna mdudu ndani. Huchomekwa wima, ncha iliyochongoka ikiwa chini, theluthi yake ndani ya tope. Wageni huichomeka juu chini, na ni kosa la kawaida mno siku za sherehe za kupanda miti. Mbegu ya mchu, aina nyingine ya mikoko, haitaki hivyo. Hiyo huokotwa mapema baada ya kuanguka, hulowekwa siku moja au mbili hadi ganda liteleze lenyewe, kisha hulazwa juu ya udongo wa kitaluni bila kufukiwa.

Hayo mtu anaweza kuyasoma. Lisilosomeka vizuri ni mahali pa kupanda. Kila aina ina ukanda wake: mlilana hukaa mbele, unakopigwa na bahari, mkoko wenyewe hufuata nyuma yake, kisha mkandaa, na mchu hupanda hadi juu kwenye chumvi kali, ingawa mchu mkaidi utaukuta hata mbele. Mwanagenzi akienda kuangalia eneo wakati wa maji mafu peke yake, bahari inapojaa kidogo, ataona ardhi kavu aidhanie imekufa, kumbe bamvua, maji makuu ya mwezi, huifikia. Akienda wakati wa bamvua peke yake, atapanda mahali ambapo mche utakaa siku kadhaa mfululizo bila tone la maji ya bahari. Lazima aende mara zote mbili, na kwa kuwa maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku, kazi hii haina saa mbili asubuhi wala saa kumi na moja jioni. Hakuna ratiba ya chuo inayoweza kumfuata mwezi mwandamo namna hiyo. Hapa hoja ya uanagenzi haina mpinzani.

Kuna jambo jingine ambalo fundi mzuri hufundisha kwa kukataa tu: kutopanda. Ikiwa mikoko haikuwahi kuota kwenye tope fulani la mbele, kuna sababu, mara nyingi kwamba maji hukaa hapo muda mrefu mno kwa siku. Na ikiwa ilikuwako ikafa, dawa yaweza kuwa jembe na si mche: kufungua mkondo ulioziba ili maji yaingie na kutoka, mbegu zije zenyewe. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliua mikoko mingi ya Mwache, huko Mombasa, kwa kuifukia mizizi yake ya kupumulia kwa mashapo. Anayetaka kufanya kazi mlangoni mwa Sabaki, mto wenye udongo kama ule, akaanza kupanda kabla ya kuuliza mashapo yanatua wapi, atazika miche yake kila masika.

Upande wa pili una hoja nzito, nao hupuuzwa na wapenzi wa "vitendo". Fundi anaweza kuwa amekosea kwa miaka ishirini bila kujua, kwa sababu hakuwahi kuhesabu. Ukipanda kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1, hekta moja hula miche 10,000. Kwa mita 2 kwa mita 2, ni 2,500. Tofauti hiyo ni pesa, na vikundi vingi huchagua idadi kubwa kwa sababu ndiyo hupendeza kwenye picha. Idadi iliyopandwa haisemi lolote kuhusu msitu. Kinachosema ni mwanagenzi aliyepima kipande cha mita 10 kwa 10, akahesabu miche iliyo hai baada ya miezi 3, 6 na 12, akaandika na sababu ya vifo: kaa, mbuzi, mchanga, au chaza wadogo walioganda shinani hadi mche ukalala. Tabia hiyo ya kuandika hutoka shuleni zaidi kuliko kwenye mashua.

Mradi wa Mikoko Pamoja kule Gazi, Kwale, ulioanza kuuza hewa ya ukaa 2013, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti, kutokana na hekta 117 za mikoko, unaonyesha vipimo vina thamani gani. Anayenunua hanunui jasho, ananunua namba zinazoweza kukaguliwa. Mti wa kawaida hupimwa unene kwenye kimo cha mita 1.3. Mkoko hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, kwa sababu mizizi yake huanza angani. Asiyejua hilo ataleta hesabu ya mizizi akidhani ni ya shina. Cheti nacho kina kazi yake ya kawaida: tangazo la ajira likisema "diploma", ofisa wa kuchambua maombi hatakuja Mambrui kuangalia kitalu chako.

Mtoni kwenyewe, upande wa bara wa daraja la Sabaki, mambo huwa magumu zaidi. Kupanda matete, mikindu au nyasi za vetiva kushika ukingo ni kazi ya wiki moja. Kumweleza mkulima kwamba ukanda wa mita 6 hadi 30 kutoka alama ya juu ya mafuriko, kutegemea upana wa mto, haufai kulimwa, ilhali ndipo mahindi na mchicha wake hunywea, ni kazi ya miaka. Hapo mwanagenzi asiyejua Sheria ya Maji ya 2016, wala jumuiya ya watumiaji maji ina mamlaka gani na haina yapi, huishia ama kutishia watu kwa nguvu asizokuwa nazo, ama kunyamaza. Mkindu husaidia kuanzisha mazungumzo, kwa sababu hushika udongo na ukili wake hutoa mkeka. Mkulima husikiliza zaidi mmea unaomlipa.

Kinachotutia wasiwasi kuliko ubishi wa chuo na kitalu ni mkataba. Uingereza, mwanagenzi wa kazi za mashambani na mito ni mwajiriwa: ana mshahara, na sehemu ya muda wake imetengewa mafunzo. Kenya nayo ina Sheria ya Mafunzo ya Viwandani na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) inayosajili mikataba ya uanagenzi, lakini mazoea yake yamejengeka kwenye ufundi kama uashi, umeme na makenika. Pwani, kijana huitwa "mwanagenzi" au "mjitoleaji" wa kikundi, apewe nauli na chakula cha mchana, abebe miche mwaka mzima, mwisho wake apewe fulana. Hicho ni kibarua, tena kibarua kisicholipwa.

Tofauti si ya maneno tu. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 humhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Anayefanya kazi bila karatasi yoyote atahangaika kuthibitisha alikuwa nani siku alipoumia. Na kazi yenyewe ina viboko na mamba mtoni, na tope lenye magome ya chaza yanayopasua mguu usio na gambuti.

Kwa hiyo msimamo wetu una sharti. Aanze na uanagenzi, mwaka mmoja hadi miwili, kwenye chama cha misitu cha jamii, kikundi cha ufuo au mradi wenye kitalu, kisha ndipo diploma, akiwa tayari anajua atakachouliza darasani. Anayeanza chuo hakosei, ila hutumia karo kujifunza majina ya miti ambayo mzee wa Ngomeni angemfundisha kwa kumtembeza. Lakini kabla ya siku ya kwanza, karatasi iseme muda, malipo hata yakiwa kidogo, nani msimamizi, vifaa vya kinga ni vya nani, na ni stadi zipi atakuwa amezipata kila robo mwaka. Ya mwisho ndiyo husahaulika, nayo ndiyo itakayomfaa akiomba ujuzi wake wa kazini utambuliwe rasmi.

Tena awe na daftari. Tarehe, hali ya maji (bamvua au mafu), aina ya mbegu na ilikookotwa, idadi iliyopandwa, idadi iliyo hai, na saini ya msimamizi kila mwezi. Daftari lisilo na saini hubaki shajara ya mtu. Msimamizi akisita kutia saini kwenye ukurasa unaoonyesha miche 2,500 iliyopandwa na 300 iliyo hai, mwanagenzi amejua mapema ni kikundi cha namna gani, na bado ana muda wa kuhama.