Mtoto kakutwa na UTI, sindano ya mgongo ya nini tena?

Mtoto wa mdogo wangu, wiki tano tu, alipanda homa 38.4 hapa Moshi, kupimwa mkojo ikaonekana UTI, afu dokta akasema anataka na maji ya uti wa mgongo, aone kama hana homa ya uti wa mgongo. Nyumba nzima ikawaka. Bibi yake akashikilia ugonjwa si umeshaonekana, mnamchoma mgongo mnatafuta nini, mtampooza. Wengine wakadhani UTI na uti wa mgongo ni kitu kimoja, kumbe UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo tu, majina yamegongana.

Na bibi hakukosea yote. Kuna uchambuzi wa tafiti 48 ulitoka 2021, watoto elfu 25 na zaidi wa siku 29 mpaka 60 wenye homa, wenye mkojo mchafu waliokutwa na homa ya uti wa mgongo ni kama wanne kwa elfu, wasio na shida ya mkojo kama watano. Yaani UTI yenyewe haikuongeza hatari. Mwongozo wa madaktari wa watoto Marekani wa mwaka huohuo haulazimishi sindano kwa umri huo kama mtoto anaonekana yuko vizuri na damu haina dalili mbaya. Ila siku 21 kushuka chini anachomwa, hapo hakuna mjadala.

Sasa mi naangalia hayo masharti. Vipimo vya damu majibu yatoke leoleo, na mama aweze kurudi usiku hali ikibadilika. Mama aliyetoka juu huko Rombo anarudi na usafiri gani? Mtoto mchanga shingo haikazi kama ya mtu mzima, utosi ukija kuvimba mmeshachelewa, na gentamisini inayotibu mkojo vizuri tu kwenye ubongo inafika kidogo mno. Kwa huku kwetu nasimama na dokta, ila angetueleza kwanza kabla ya kuleta karatasi ya kusaini.

Kupooza nako, sindano inaingia chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Nilikuwepo, nesi kamkunja magoti yakakaribia kidevu, maji yakadondoka tone tone, meupe kama ya bombani, dakika chache kimeisha, mdogo wangu ndo analia kuliko mtoto.

Majibu yamekuja safi, bibi anasema si niliwaambia. Hapo bado tunabishana, maana bila hayo majibu dokta angemwachaje na dawa za UTI peke yake?