Moshi wa Nairobi na shilingi 300 za maegesho

Jumatatu ya tarehe 3 Desemba 2018, abiria wa Nairobi walishushwa Ngara na Muthurwa, nje kidogo ya katikati ya jiji, wakaambiwa wamalizie safari kwa miguu. Serikali ya kaunti chini ya Gavana Mike Sonko ilikuwa imezipiga matatu marufuku kuingia katikati ya jiji. Magari ya watu binafsi yaliendelea kuingia kama kawaida, mengi yakiwa na dereva peke yake ndani. Amri haikumaliza hata wiki. Kilio kilizidi, ikasitishwa. Lengo lake la kwanza lilikuwa kupunguza msongamano, lakini fikra iliyoizaa haijafa, na siku hizi inajitokeza kwa jina la mazingira: ukitaka hewa safi Nairobi, anza kwa kuondoa matatu.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Yeyote aliyewahi kusimama nyuma ya basi la viti 33 likipanda mlima anajua linachotema. Injini ya dizeli iliyochoka, nozo zilizokwisha, chujio la hewa lililojaa vumbi la miaka: masizi meusi huanzia hapo. Gari dogo la petroli lililotoka Japani halitoi masizi ya namna hiyo, na sheria haikuliruhusu kuingia nchini likiwa limepita miaka minane. Isitoshe, matatu iko barabarani tangu alfajiri hadi usiku, ilhali gari la ofisini limelala kwenye maegesho siku nzima. Tukipima bomba kwa bomba, mwenye Vitz, kigari cha Toyota, ana haki ya kumnyooshea kidole mwenye matatu.

Ninapotofautiana na wenye hoja hiyo ni hapo kwenye kupima bomba kwa bomba.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia pamoja na wenzao wa Nairobi walipima chembechembe laini za hewa, zile ziitwazo PM2.5, sehemu mbalimbali za jiji wakati wa mchana. Katikati ya mji, kwenye usawa wa barabara, walipata mikrogramu 119.5 kwa kila mita ya ujazo. Juu ya paa la ghorofa ya tatu walipata 42.8. Karibu na makutano makubwa ya barabara kipimo kilikuwa 128.7, walipofuata upepo mita 100 tu, kilishuka hadi 18.7. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa 24 usizidi 15.

Mtu ataniambia namba hizo zimezeeka, na kweli dizeli ya leo ina salfa kidogo kuliko ya wakati ule. Lakini mimi sizitazami kwa ukubwa wake. Natazama tofauti ya chini na juu. Panda ngazi za ghorofa tatu, na karibu thuluthi mbili ya uchafu umeuacha chini. Tembea urefu wa uwanja wa mpira kutoka kwenye makutano, unavuta hewa nyingine kabisa. Maana yake moshi wa magari haugawanywi sawa kwa wakazi wa jiji. Una anwani, na anwani yake ni kando ya lami: muuza karanga, askari wa trafiki, makanga wa matatu, kinyozi wa kibanda, mama anayesubiri gari na mtoto mgongoni. Takriban safari nne katika kila kumi za Nairobi hufanywa kwa miguu. Wanaoandika sera za hewa, bila kuwasingizia, huziandika juu ya ghorofa ya tatu.

Rudi sasa kwenye Jumatatu ile. Maelfu ya watu waliokuwa wamekaa ndani ya gari waliwekwa pale penye 119.5. Na matatu zenyewe hazikuyeyuka. Zilirundikana Ngara na Muthurwa, injini zikiunguruma, mbele ya watu wanaouza sukuma na nyanya. Sera inayohamisha moshi kutoka mtaa wa maofisi hadi mtaa wa soko haijapunguza kitu, imebadilisha wanaokohoa tu.

Kisha kuna jambo ambalo bomba pekee haliwezi kutuonyesha. Injini ya dizeli huchafua zaidi inapolazimishwa kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Ni nani anayeisimamisha? Chukua abiria wa basi moja la viti 33 uwaweke wawili wawili kwenye magari madogo: hayo ni magari 17, na ukihesabu mita sita kwa kila moja pamoja na upenyo wake, msururu unapita mita mia. Basi walilotoka halichukui hata nafasi ya magari matatu. Jioni saa kumi na moja pale mtaa wa Tom Mboya, katikati ya jiji, matatu inayotapika moshi imezibiwa njia na magari yaliyobeba mtu mmoja mmoja. Moshi unatoka kwenye bomba lake, lakini sehemu yake ni mali ya hao walioitangulia, na madirisha yao yamefungwa.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa kaunti mambo mawili kwa pamoja: kudhibiti uchafuzi wa hewa, na kusimamia barabara za kaunti, trafiki na maegesho. Hili la pili ndilo dawa ya lile la kwanza, na halijatumiwa hivyo. Mwaka 2013 ada ya kuegesha gari katikati ya mji ilipandishwa kutoka shilingi 140 hadi 300 kwa siku. Makelele yalikuwa mengi. Zaidi ya miaka kumi imepita, ada imekwenda mahakamani, imepanda, imeshuka, na bado tunazungukia shilingi 300 hizo hizo. Unga umepanda, petroli imepanda, nauli imepanda. Kipande cha ardhi katikati ya Nairobi, siku nzima, ndicho kilichobaki bei ya zamani. Kwa mfanyakazi aliyeamua kuja na gari, kaunti imekuwa ikimpunguzia gharama kila mwaka bila kutangaza.

Najua atakachonijibu, na si jibu jepesi. "Pandisheni hadi elfu moja, mimi nitapanda nini?" Ni mama aliyetukanwa na makanga mbele ya watu, kijana aliyechanjiwa begi, mzee aliyeambiwa nauli imeruka maradufu kwa kuwa mawingu yametanda. Wengi walinunua gari ili kuikimbia matatu. Ukiwatoza bila kuwapa kitu cha kupanda, umekusanya kodi na hewa imebaki vile vile.

Ndiyo maana fedha ya maegesho inapaswa kuonekana barabarani, kwa njia maalumu za mabasi kwanza. Nairobi ilishajaribu kwa rangi: mwaka 2018 mstari mwekundu ulichorwa Thika Road, mabasi ya kuufuata hayakuja, rangi ikafutika. Dar es Salaam wameendesha mabasi ya mwendokasi kwenye njia zake tangu 2016. Abiria wa Kimara wana haki yao ya kulalamika, maana mabasi hayatoshi na hujazana kama dagaa kwenye gunia, lakini basi lililo kwenye njia yake halitoi moshi likisubiri gari la mtu mmoja lilipishe.

Nayo matatu isidhani nimeiachia. Mwenye gari humwekea dereva hesabu ya siku, yaani kiasi cha kumletea, na kinachozidi ndicho cha dereva, kwa hiyo dereva hasafishi nozo na hazimi injini kwenye steji. Kuzima injini wakati wa kujaza abiria kungeweza kuwa sharti la kibali cha kaunti kesho asubuhi. Kupima moshi kwa kifaa, badala ya kwa jicho la mkaguzi, kungeweza kuingia kwenye ukaguzi wa kila mwaka ambao gari la binafsi limeukwepa kwa miaka mingi. Lakini kupiga marufuku kwa umri wa gari siafiki. Matatu iliyofukuzwa Nairobi haifi. Itauzwa Machakos au Kitui na kuendelea kutema huko, na aliyeinunua kwa mkopo wa sacco atabaki na deni.

Njia nyingine imeanza kuonekana. Mabasi ya umeme yamo barabarani Nairobi tangu 2022, na mwenye gari anaweza kulipia betri na chaji kwa kilomita anazoendesha badala ya kutoa bei nzima siku ya kwanza. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, kwa hiyo moshi hauhamishiwi kwenye bomba la mtambo mahali pengine. Hata hivyo basi la umeme likikwama nyuma ya magari 17 linapoteza safari, na kilomita ndizo zinazolipa deni lake.

Kaunti ingeweza kuanza na mtaa mmoja, Tom Mboya: njia moja ya mabasi tu, maegesho ya pembeni yaondolewe, ada ya mitaa inayouzunguka ipandishwe. Na kipima hewa kifungwe hapo miezi michache kabla na baada, kwenye kimo cha muuza karanga aliyeketi, si juu ya paa.