Barabara Nyeupe Pee

Ukikaa Kent, jimbo la Washington, na kazi yako iko Bellevue au Redmond, roho yako iko mikononi mwa barabara mbili: 167 inayopita bondeni kwenda kaskazini, na 405 inayoipokea pale Renton. Kent ni mji wa maghala na makazi ya watu. Mchana barabarani kuna malori, asubuhi na jioni tuko sisi. Kutoka kwangu hadi Redmond ni maili ishirini na kitu. Siku njema ni nusu saa. Siku mbaya unaianza juzuu Kent, unaimaliza Renton, na unafika kazini umeshaingia ya pili. Mahali penye balaa zaidi ni zile kona za Renton wanazoziita S-Curves, ambako 405 inajipinda kama nyoka aliyekanyagwa mkia.

Ndiyo maana watu wa huku hutazama kamera kabla ya kuvaa viatu. Jimbo limezitundika juu ya barabara kuu na picha zake ziko wazi kwenye intaneti, bure, kwa yeyote. Si video. Ni picha mgando inayobadilishwa kila baada ya dakika chache. Namba za magari hazisomeki, wala hakuna anayehifadhi kanda ya kilichopita. Kumbukeni hilo, lina kazi yake mbele.

Mimi sikuwa mtazamaji wa hivi hivi. Jikoni kwangu kulikuwa na tableti iliyoegemezwa chupa ya chai, na humo nimezipanga kamera zangu kwa mfuatano wa safari: Kent, Renton, zile kona, Bellevue, hadi ilipo barabara ya 520. Watu wa pwani tunaoishi bondeni hapa walikuwa wakinipigia simu kabla ya kwenda kazini. "Bwana Kamera, vipi 167?" Nami nawajibu kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Mke wangu ni mtu wa ramani ya simu, ile inayopaka njia nyekundu na kusema kwa sauti ya kike geuka kushoto. Nimemwambia mara nyingi: ramani inasimuliwa, kamera inaona.

Basi Jumamosi moja ya Julai ikaja harusi ya binti wa shemeji yangu. Nikahi ilikuwa Redmond, kwenye msikiti alikozoea kusali bwana harusi, mara tu baada ya sala ya Adhuhuri. Imamu alishatuonya kwamba ana nikahi nyingine mchana uleule mji mwingine, hangoji mtu. Bibi harusi na wanawake wengi walikuwa wamelala hukohuko tangu jana yake. Waliobaki Kent ni sisi tuliobeba mizigo ya maana: biriani, na shemeji. Shemeji ndiye baba wa bibi harusi, yaani walii. Bila yeye hakuna wa kuozesha.

Biriani ilipakiwa gari langu. Sufuria mbili, ya wali na ya sosi. Ile ya sosi ilifunikwa sinia, juu ya sinia leso imefungwa mafundo manne, halafu blanketi, halafu mkanda wa kiti. Hata mtoto wangu hajawahi kufungwa vile.

Saa sita kasoro nikaitazama tableti. Wallahi sijapata kuona kitu kama kile. Pale kwenye zile kona, 405 ya kwenda kaskazini ilikuwa nyeupe pee. Jumamosi, jua kali, na hakuna gari hata moja! Pembeni ya picha buibui alikuwa ametanda utando wake kwenye kioo cha kamera, lakini barabara yenyewe ilionekana vizuri, lami inang'aa. Nikaipiga picha ile na kuirusha kwenye kundi la harusi la wosapu, na kiungo chake chini ili kila mtu ajionee. Kundi lile lina watu wa Kent, wa Redmond, na ukoo mzima wa Mombasa. Kwetu ilikuwa adhuhuri inakaribia. Kwao ni karibu saa nne za usiku, na hakuna aliyelala kwa sababu walikuwa na harusi yao ya kusikiliza.

Shangazi wa Kibokoni ndiye aliyejibu wa kwanza, kwa ujumbe wa sauti. "Mwanangu, hiyo njia mbona haina hata kuku?"

Nikamwandikia kwamba watu wa huku Jumamosi za kiangazi wamekwenda ziwani na mlimani Rainier.

Mke wangu akatoka chumbani na simu yake. "Ramani inasema 405 imefungwa Renton."

"Ramani imesema. Kamera imeona. Mwenye macho haambiwi tazama."

Shemeji naye akainama akaitazama picha kwa muda. "Hakuna gari kabisa?"

"Ndiyo raha ya kuwa na kamera, shemeji."

Tukaondoka, mimi mbele, magari mengine nyuma yangu, vimulimuli vinawaka kama msafara wa mheshimiwa. 167 ilikwenda vizuri mpaka tukawa tunaiona Renton. Hapo mwanangu, ambaye yuko darasa la pili na anasoma kila kitu kilichoandikwa ulimwenguni, akasema, "Baba, kile kibao kinasema imefungwa." Nikamwambia hicho ni cha njia ya watu wengine. Akasema na hiki cha pili pia. Mama yake akatazama dirishani. Ukimya wa mwanamke mwenye ramani mkononi ni jambo zito sana.

Sasa nieleze, kwa faida ya ambao hawajakaa huku. Kati ya Renton na Bellevue kulikuwa na kazi kubwa ya kuipanua 405, kuongeza njia kila upande. Kazi za lami zinataka ukavu, na huku kwetu mvua hupumzika kiangazi tu, kwa hiyo baadhi ya wikendi za jua waliifunga barabara kabisa, upande mmoja au pande zote. Ikifungwa, inakuwa tupu. Ikiwa tupu, kamera inaonyesha tupu. Kamera yangu haikusema uongo hata chembe. Na yale mapipa ya rangi ya chungwa yaliyozuia njia yalikuwa kwenye ile pembe ya picha aliyojenga buibui. Mwenye shtaka amshtaki buibui.

Wote tuliokuwa tukienda kaskazini tukatupwa nje kabla ya kufika zile kona. Nusu ya kaunti, naona, ilikuwa pale. Tukasimama. Tukaendelea kusimama. Watu wakazima injini. Saa saba ikapita. Sosi ikaanza kupenya ukingoni mwa sinia, na harufu ya biriani ikatoka madirishani ikaenda kuwasabahi majirani. Dereva wa lori la kokoto upande wetu wa kulia akashusha kioo, akavuta pumzi ndefu, akanitazama kwa masikitiko.

Shemeji akashuka garini na kanzu yake nyeupe na koti, akaja dirishani kwangu. Hakunitukana. Aliniuliza tu, kwa upole wa mtu anayehesabu moja hadi kumi, "Bwana Kamera, hapa tupo wapi kwenye picha yako?"

Kabla sijajibu, simu ikalia. Shangazi. Alikuwa amekibofya kile kiungo nilichokirusha, na kutoka hapo akavumbua kamera zote za Renton, moja baada ya nyingine, amekaa kitandani kwake Kibokoni.

"Mwanangu, yule aliyevaa kanzu amesimama karibu na lori la mchanga, si ndugu yenu?"

Shemeji akainua macho, akaiona kamera juu ya mlingoti. Akaipungia mkono.

"Haya, amesimama tu, hapungi mkono," akasema Shangazi. Picha yake ilikuwa ya dakika mbili nyuma.

Saa saba u nusu imamu akapiga. Ameshasalisha, bwana harusi yuko mbele yake, mashahidi wapo, naye ana robo saa. Shemeji akamweleza tuliko. Imamu, Mungu amzidishie, akasema basi mzazi na amwakilishe yeye kwa simu, sauti isikike na wote. Simu ikawekwa kwenye boneti ya gari langu, sauti juu. Tukajipanga na kanzu zetu kando ya chuma cha barabara, na shemeji akatamka, sauti inamtetemeka, kwamba amemwakilisha imamu amuozeshe binti yake kwa mahari waliyokubaliana. Upande wa pili tukamsikia bwana harusi akikubali. Mke wangu akapiga kigelegele, akapokewa na wa magari ya nyuma, na yule dereva wa lori, asijue ni nini, akaikalia honi yake muda mrefu. Kijana wa ujenzi aliyeshika kibao cha kusimamisha magari akaja mbio kuuliza nani kaumia.

Nikamwambia tumeozesha. Akasema hongera. Akauliza hiyo harufu ni nini.

Hapa ndipo penye mvutano mpaka leo. Mimi nasema tulimpa kijana sahani kwa heshima ya mgeni, na dereva wa lori kwa haki ya jirani, na watoto kwa sababu ni watoto. Shangazi anasema vingine. Kamera hazihifadhi kitu, hilo nililijua na nililitegemea. Sikujua kwamba Shangazi anajua kuipiga picha skrini ya simu. Kundini zikaingia tatu kwa mfuatano: ya kwanza, wanaume wenye kanzu wameinua mikono kuomba dua kando ya barabara, ikashangiliwa sana. Ya pili, mlango wa nyuma wa gari langu uko wazi. Ya tatu, watu wote wamelizunguka gari, na mbele yao kabisa mwanamume mwenye kofia ya kiua amepeleka mkono mdomoni. Uso hauonekani. Kofia ile nilishonewa na Shangazi mwenyewe.

Tulifika Redmond karibu na Alasiri, baada ya kurudi nyuma, kuchukua barabara ya I-5 na kuvuka ziwa kwa daraja la I-90, kama ilivyokuwa ikisema sauti ya kike kwenye simu ya mke wangu tangu Kent. Sufuria ya wali ilikuwa na kina kidogo. Upande wa bwana harusi walikuwa wamekwisha agiza pitsa.

Tableti bado iko jikoni, lakini simu hazinijii tena mimi. Asubuhi ya saa moja ya Kent ni saa kumi na moja jioni Mombasa, Shangazi ameshasali Alasiri yake, yuko barazani na kahawa, na watu wa bondeni wanampigia yeye. "Usiiendee 167, mwanangu, pale kwenye 212 pamekaa vibaya. Ngoja kidogo." Amejifunza mpaka majina ya njia za kutokea, anayatamka kama mitaa ya kwao. Lazima niseme hakosei.

Juzi nilimpigia mke wangu kumwambia nitachelewa, nimekwama kwenye zile kona. Hakubishana nami. Aliuliza kundini, na jibu likaja kabla sijamaliza kikombe changu.

"Huyo hayuko 405," Shangazi akaandika. "Mwambie aje ale chakula chako, kabla sijafungua kamera za mji jirani wa Tukwila."