Kadi ya pointi na daftari la Ngamiani: nani anamdai nani?

Mdogo wangu kanitumia picha ya kadi ya plastiki, nyekundu, na chini yake swali moja: "Dada, hii ina maana au nitupe?" Kapewa kwenye duka la nguo hapa Tanga mjini, alikokwenda kununua mashati mawili ya kazini. Nikamjibu aitunze. Halafu nikaitoa yangu ya duka hilohilo, ninayo tangu mwaka juzi, nikagundua kwamba jibu nililompa yeye silo ningejipa mwenyewe.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo nyepesi. Kila shilingi 1,000 unayotumia inakuandikia pointi 1. Pointi 100 zinageuka vocha ya shilingi 3,000. Vocha haikubaliwi mpaka ununue mzigo wa 30,000 kwenda juu, na pointi iliyokaa miezi 12 bila kutumika inakufa. Nazo ni za Tanga kwelikweli, kama mji wetu unavyosemwa: waja leo, waondoka leo. Ukiondoa mapambo yote, duka linakurudishia asilimia 3, tena inarudi kama nguo, hela huioni. Nyumba yangu, kwa Idd mbili na sare za shule za Januari, huacha pale kama shilingi 400,000 kwa mwaka. Nikizingatia kila tarehe, nimepata 12,000.

Sasa shuka Ngamiani, hapahapa Tanga, kwenye zile barabara za namba, dukani kwa kaka ninayemzoea. Gauni ambalo kule lina lebo ya 35,000, yeye analianzia 38,000.

"Mwisho ngapi, kaka?"

"Thelathini na tano, kwa sababu ni wewe."

"Mimi huyohuyo niliyenunua kwako Idd iliyopita. Shika thelathini."

"Aa, dada, unataka nifunge duka. Haya, lete thelathini na mbili."

Dakika tatu, nimeokoa 3,000 kwenye lebo ya wenzake. Ili kadi inipe hiyo 3,000 ingebidi kwanza niache 100,000 dukani, kisha nirudi na mzigo mwingine wa 30,000. Kwa mtu anayejua kupatana bei, kadi ni punguzo lililoahirishwa.

Lakini si kila mtu anajua kupatana, na hapa ndipo watu wa Ngamiani tunapojidanganya. Mdogo wangu ana haya. Akitajiwa bei analipa, bei ikizidi sana atasema "punguza kidogo basi" huku mkono umeshaingia mfukoni. Suruali niliyoichukua mimi kwa 28,000, yeye aliilipia 45,000, mtaa mmoja, wiki moja. Mwenzake wa kazini katoka bara. Akifungua mdomo tu, bei inapanda kabla sentensi haijaisha. Muuzaji anasoma sura, anasoma viatu, anasoma lafudhi. Mtoto akitumwa na noti mkononi ndiyo kabisa. Kwenye duka la lebo wote hawa wanalipa 35,000 sawa na mimi. Hiyo ni haki ambayo kupatana bei hakujawahi kuitoa, na siwezi kuipuuza kwa sababu tu mimi mdomo ninao.

Ila hapo tutenganishe vitu viwili ambavyo duka linapenda tuvichanganye. Bei moja kwa wote inatokana na lebo. Kubadilishiwa saizi ndani ya siku saba kunatokana na risiti, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anapewa kila mnunuzi, mwenye kadi na asiye nayo. Mambo haya ni mazuri, nayapenda (Ngamiani mali ikishatoka hairudi, utamgawia mtoto wa jirani), lakini yangekuwepo hata kama kadi isingechapishwa. Kadi yenyewe, peke yake, ni ile asilimia 3.

Na asilimia 3 hiyo ina namna ya kukutuma. Siku ya kujiandikisha nilipewa pointi 20 za bure, nikaona ukarimu. Mbinu hiyo imeshapimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa vyuo vya Marekani, Joseph Nunes na Xavier Drèze, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya mahali pa kuoshea magari. Waligawa kadi 300. Nusu ya wateja walitakiwa kukusanya mihuri 8 ili waoshewe bure. Nusu nyingine walitakiwa mihuri 10, ila miwili ilishagongwa tayari. Safari ni ileile, mihuri 8. Waliokuta kadi tupu, asilimia 19 walifika mwisho. Walioanziwa na miwili, asilimia 34. Mtu akiona ameshaanza safari, hataki kuishia njiani.

Mimi safari hiyo niliimalizia kwa soksi. Nilikuwa na pointi 88, mhudumu akasema kwa upole, "Mama, bado kumi na mbili tu." Nikageuka nikabeba jozi sita za soksi za watoto, 12,000, nikatoka nimefurahi. Nimetoa 12,000 nipate vocha ya 3,000 ambayo nayo inadai 30,000 nyingine. Jozi mbili za soksi zile bado zina karatasi yake kabatini.

Kisa kingine ni cha harusi. Kamati yetu ilinituma kununua sare, doti 24 za kanga, doti moja 12,000. Jumla 288,000, zimekusanywa kwa kufukuzana kwenye simu wiki nzima. Nikanunua pale kwa lebo, nikataja namba yangu ya simu kwa mazoea, na pointi 288 zikaingia kwangu. Shoga yangu mmoja aliuona ujumbe kwenye simu yangu. "Kumbe ndiyo maana ukang'ang'ania duka lile!" Nilicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Hela za watu ishirini na wanne, zawadi ya mtu mmoja. Na ningeenda kwa muuza kanga wa Ngamiani, kwa doti 24 angenifanyia bei ya jumla. Hata akipunguza 500 tu kila doti, kamati ingebaki na 12,000 taslimu. Mimi nilipata vocha mbili za 3,000. Nilizitoa kwa bibi harusi, mtandio, ili maneno yaishe. Hayakuisha sana.

Kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, ni suala la deni. Ngamiani mteja wa kweli humjui kwa kadi, unamjua kwa daftari. Kaka yule ana daftari la kaunta lenye jina langu. Mwezi ukibana nachukua nguo ya mtoto, naandikwa, nalipa mshahara ukiingia. Pale yeye ndiye aliyeniamini, na nikiyeyuka hasara ni yake. Kwenye kadi mambo yamegeuka: mimi nimeshalipa, duka ndilo linalodaiwa, na mdaiwa ndiye anayepanga deni lake life lini. Duka likifunga, sina hata karatasi ya kudaia. Kampuni ya supamaketi ya Nakumatt ya Kenya ilikuwa na kadi yake ya pointi, Smart Card, na maduka mpaka huku Tanzania. Mwaka 2017 rafu zikaanza kubaki tupu na matawi kufungwa, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ivunjwe. Wasambazaji wa bidhaa walikuwa kwenye foleni ya kudai mabilioni. Mwenye pointi zake angesimama wapi kwenye foleni ile?

Kuhusu namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa walizochukua, nitasema kidogo tu. Hiyo ndiyo bei nyingine ya kadi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, una haki ya kulikataza duka kutumia taarifa zako kukutumia matangazo. Wakikuandikisha, waulize.

Kwa hiyo mdogo wangu aitunze. Yeye angenunua pale kwa lebo hata bila kadi, basi hiyo asilimia 3 ni ya kuokota, mradi asinunue soksi. Mama wa watoto wanne kama mimi, anayejua kusema "mwisho ngapi", kwake kadi inagharimu zaidi kuliko inavyolipa, isipokuwa Januari, sare zinapopatikana pale pekee.

Yangu leo ina pointi 61, zinakufa mwezi wa tatu. Kwenye daftari la kaka nadaiwa 14,000, na jana kapita nyumbani kwangu na baiskeli, kanisalimia, hakuitaja.