Dar–Arusha na Glasgow–London, mnalinganisha nini haswa?

Kila nikirudi Bongo nakutana na wimbo uleule, ooh kwenu Ulaya mtu anakula kilomita 650 kwa masaa manne na nusu, sisi Dar–Arusha karibu umbali huohuo tunatoka saa 12 asubuhi tunafika saa 10 jioni miguu imevimba. Sawa, mi niko Glasgow mwaka wa tisa huu na London naenda sana tu, ila hapo mnachanganya madesa.

Hayo masaa manne na nusu ni ya treni bana. Ukipanda basi, Glasgow mpaka London ni masaa nane na zaidi, na hiyo ni barabara pana mwanzo mwisho, hakuna kibao cha 50 kila kijiji, hakuna trafiki kajificha na tochi nyuma ya mwembe. Sasa basi letu linatoka Mbezi, foleni ya Kibaha inalihusu, Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, roli mbele roli nyuma, afu linaingia Arusha ndani ya masaa tisa au kumi, dereva huyo mi nampa tano. Na hapo watu wameshachimba dawa, wamekula, wamenunua machungwa dirishani. Kule jirani yako wa siti masaa yote nane hakuulizi hata unashukia wapi.

Ndege nayo msinidanganye. Kwa mstari ulionyooka Dar–Arusha ni kama kilomita 470, fupi kuliko Glasgow–London, ni barabara tu ndo inaenda kuzungukia Chalinze kwanza afu inafuata milima ya Usambara na Pare. Angani ni lisaa na kitu. Basi mwezi wa 12 nikatoka Tegeta saa 10 alfajiri kuwahi ndege ya saa 2, nafika uwanjani naambiwa imesogezwa saa 5, kwa nini, hakuna anayejua. Nimetua KIA, bado kilomita 50 hivi mpaka mjini, na mtu wa teksi anataja hela kama ananiuzia gari lenyewe. Naingia kwa mama saa 8. Binamu yangu aliyepanda basi asubuhi ileile kaingia saa 9 na nusu, kanikuta bado nakunywa maji. Akaniangalia weee, afu akasema, "Kaka, kumbe lisaa na nusu linauzwa laki mbili?"

Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo mkitaka kulalamika lalamikieni reli, huko nawaunga mkono. Wa Dodoma washaonja, tangu treni ya umeme ya SGR ifike kwao Julai 2024 ile safari ya kushinda kwenye basi imebaki masaa kama manne tu. Sisi wa kaskazini tuna reli ileile ya zamani, treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 na watu wakafurahi kweli, lakini unalala humo, unaamka bado uko njiani. Kama una magunia ya mahindi sawa, kama una likizo ya wiki mbili kama mimi utakuwa umejiroga mwenyewe.

Mwaka huu napanda basi. Dirishani, upande wa dereva, milima yote iko huko, na tiketi nakata mapema kabla Wachaga hawajaanza kupanda.