Machozi kwenye Maminavu

Mwalimu alipiga simu Alhamisi saa tano usiku. Mtu wa makamo yake hapigi simu saa hizo ila kuna msiba, kwa hiyo nilipokea nikiwa nimeshakaa kitako.

"Mwanangu, lile jina la Asha tulitoe."

Hakuna aliyekufa. Asha ni yule mwanamke wa kwenye riwaya yake: anachukua waume za watu, anauza shamba la mikarafuu la marehemu babake, na sura ya kumi na nne anamtilia mtu kitu kwenye kahawa. Mwalimu alikuwa ameishi naye miaka sita ya kuandika bila kukumbuka kwamba mama mkwe wake naye ni Bi Asha. Aliyekumbuka ni mkewe, na alikumbuka usiku huo.

"Tuweke jina gani, Mwalimu?"

"Lolote. Muhimu lisiwe Asha, wala lisiwe la mtu yeyote wa hapa Wete."

Hilo la pili haliwezekani katika mji wowote wa Pemba, nikalipuuza. Nikachagua Amina, tena kwa sababu za kitaalamu kabisa. Linaanza na A, kwa hiyo orodha ya wahusika haivurugiki mpangilio. Limezidi herufi moja tu, kwa hiyo mistari haitahama sana. Mswada ulikuwa na maneno 62,000, yaani kurasa 248 kwa hesabu yetu ya maneno 250 kwa ukurasa. Uhariri wa lugha nilishaumaliza, na faili lilitakiwa kwa msanifu kurasa kesho yake saa tatu asubuhi.

Nikabonyeza Ctrl na H, njia ya programu ya Word ya kutafuta neno na kuweka lingine mahali pake. Kisanduku cha juu nikaandika asha, cha chini amina, yote kwa herufi ndogo, maana nilikuwa na mkono mmoja tu, wa pili una kikombe cha chai. Pale kuna vijisanduku vya tiki ambavyo havionekani mpaka ufungue sehemu ya chini: kimoja cha kutafuta neno zima tu, kingine cha kufuata herufi kubwa na ndogo. Sikuifungua. Kabla ya hapo nilizima ile alama ya kufuatilia mabadiliko, ili faili lisijae rangi mbele ya msanifu. Kisha nikabonyeza kitufe cha kubadilisha zote.

Word ikajibu kwamba imebadilisha mahali 1,013.

Nikafurahi. Nikasema huyu mwanamke kweli alikuwa ameenea. Mhariri mwenye akili zake angehesabu kwanza jina limetajwa mara ngapi kabla ya kugusa kitu, na angekuta ni mara 403. Hizo 610 zilizobaki zilikuwa za nani? Sikujiuliza. Nikahifadhi juu ya faili lile lile, nikalituma, nikalala.

Nieleze kilichotokea, kwa sababu nimeshakielezea watu wengi na bado wanadhani natania. Herufi hizo nne hazikai kwenye jina peke yake. Kila wingi wa MA unapokutana na neno linaloanza na sha, Asha yumo: mashamba, mashaka, mashavu. Kila kiambishi cha wakati kama -na-, -ka- au -ta- kikitangulia kitenzi kama shangaa au shauri, Asha yumo amejikunyata katikati. Yumo kwenye kuwasha na kupasha. Yumo kwenye mashariki, kwenye kasha na kwenye bashasha. Hata unapomwomba mtu radhi kwa kusema ashakum, unaanza kwa kumwita.

Na Word, ukiiandikia herufi ndogo juu na chini bila ile tiki, hujiongeza yenyewe. Palipo na Asha huweka Amina, palipo na asha huweka amina. Ndiyo maana hapakuwa na herufi kubwa hata moja iliyochomoza katikati ya neno ikamshtua mtu. Mistari myekundu ya tahajia nayo nilishaizima mwezi mzima nyuma, kwa sababu faili lilikuja limetambulishwa kama Kiingereza na kila neno lilikuwa linavuja damu. Dawa yake ilikuwa kulitambulisha upya kama Kiswahili, siyo kuizima. Lakini ndiyo hivyo.

Hii ni aya moja ya ukurasa wa 9, kama ilivyotoka:

"Amina akawamina taa, akaminangaa kumwona Mzee Faki ameketi juu ya kamina la sandali. Machozi yakamtiririka kwenye maminavu. 'Maminallah,' akasema yule mzee kwa baminasha, 'hata ukilia unapendeza.'"

Isome tena kwa sauti. Si Kiswahili, lakini kinapita kooni bila kukwama. Ubaya wa jina nililochagua ni kwamba linaanza na A na kuishia na A kama lile lililotoka. Ningechagua Tatu ingetoka aktatungaa, na mtoto wa darasa la pili angeona. Amina lilijipenyeza kama mgeni anayejua salamu zote za nyumbani.

Msanifu kurasa hakuona, na si kazi yake kuona. Yeye humimina maandishi kwenye ukurasa wa A5, huangalia mstari uliobaki peke yake juu ya ukurasa, na hupanga vichwa vya sura. Alilalamika jambo moja: kwamba akaminangaa inakatika vibaya mwisho wa mstari.

Msomaji prufu, anayekagua kurasa zilizopangwa kabla hazijachapwa, ndiye aliyekuwa kinga yetu. Ni dada wa Njombe, makini kuliko mimi, anasoma na rula ameiweka chini ya mstari. Kuna wachapishaji wanaolipia prufu ilinganishwe na mswada mstari kwa mstari, na kuna wanaolipia isomwe kavu, bila mswada pembeni. Wetu alilipia kavu. Wala kulinganisha kusingesaidia, maana mswada ambao angepewa ni huo huo wangu wenye akina maminavu.

Baadaye nilizipata karatasi zake. Ukurasa wa 9 alizungushia maminavu kalamu nyekundu, akaweka alama ya kuuliza pembeni. Ukurasa wa 12 tena. Ukurasa wa 17 tena. Kufikia ukurasa wa 30 amerudi nyuma akazikata alama zake zote. Kosa la uchapaji hutokea mara moja moja, halina nidhamu. Hili lilikuwa na nidhamu ya jeshi. Akafanya anachotakiwa kufanya msomaji prufu yeyote akitatizika: akafungua jedwali la mtindo, ile karatasi ambayo mhariri huandika maamuzi yake yote, kama tarakimu zianze wapi, majina ya mahali yaandikwe vipi, na mengineyo. Akakuta nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu: "Maneno ya Kipemba yaachwe kama yalivyo. Mwandishi ni mwenyeji."

Akayaacha. Na kwa kuwa ni mtu wa kazi safi, akamhurumia msomaji wa bara. Mwishoni mwa kitabu akaongeza sherehe ya maneno magumu, yaani orodha ya maana zake, maneno 19:

maminavu: sehemu laini za uso chini ya macho.
kuminangaa: kustaajabu kupita kiasi, zaidi ya kushangaa.
kuwamina: kutia moto au umeme.
maminariki: upande linakochomoza jua.
aminakum: neno la kuomba radhi kabla ya kutamka jambo zito.

Alipatia karibu yote, kwa kufuata muktadha tu. Hiyo ya kuminangaa aliifikiria sana, kwa sababu mahali pengine kitabu kiliandika alishangaa bila tatizo. Kiambishi -li- hakina a ya kumkaribisha Asha. Yeye akaona mwandishi anatofautisha viwango viwili vya mshangao, akakiri kwamba Kipemba ni tajiri.

Alibaki mwandishi. Prufu ilimfikia kwenye simu, akaisoma siku mbili, akanitumia ujumbe wa sauti. "Mwanangu, nimeipitia yote. Kiswahili chenu huko kimekwenda mbali. Mie nimezaliwa ndani ya lugha hii, lakini maneno mengine ndiyo kwanza nayaona. Bila ya shaka Baraza la Kiswahili, BAKITA, wameshayapitisha." Akatia saini fomu ya idhini ya kuchapa.

Kwa hiyo dada wa Njombe aliamini ni Kipemba, na Mpemba aliamini ni sanifu. Mimi ndiye niliyekuwa katikati, na nilikuwa nimelala.

Kilichotuokoa ni kwamba mchapishaji huyo hatengenezi pleti, zile bamba za kuchapia, za nakala 1,000 kabla ya kutoa nakala 10 za mfano kwenye mashine ya dijitali. Gharama ya nakala moja huwa kubwa zaidi, lakini kitabu unakishika mkononi. Mbili zilikwenda Pemba. Moja Mwalimu akampelekea mama mkwe, kwa fahari, kwa sababu kitabu alikuwa amemtabarukia yeye.

Tabaruku, yale maneno ya mwanzo ya kumtunukia mtu kitabu. Katika zile mara 403 za jina, moja ilikuwa hapo.

Iliandikwa: "Kwa mama mkwe wangu mpenzi, Bi Amina, aliyenipa mke mwema."

Mwalimu ana mke mmoja, na kwa hiyo mama mkwe mmoja. Mama mkwe anayeitwa Amina maana yake kuna mke mwingine mahali.

Safari hii simu ililia saa kumi na moja alfajiri. Sikumpa hata shikamoo.

"Mwanangu, umenioza mke wa pili."

"Mwalimu, samahani, sijaelewa."

"Mama kanipigia anauliza Amina ni mkwe wangu wa wapi. Mke wangu kafunga mlango wa chumba. Halafu mama anauliza tena: hii maminallah iliyojaa humu, ndiyo dini gani?"

Nikafungua faili. Nikasoma ukurasa wa 9. Nikaenda kuoga, nikarudi, bado ulikuwa vile vile.

Hapo nikafanya kosa la pili, ambalo ndilo linalonitia haya zaidi. Nikarudisha kwa njia ile ile: amina juu, asha chini, badilisha zote. Mashavu yakarudi, mashariki ikarudi, tabaruku ikarudi kwa mwenyewe. Nikazitoa sura tano za mwanzo nikamtumia Mwalimu haraka ili atulie, naye, kwa kutaka amani, akamsomea mkewe kupitia mlangoni.

Sura ya tatu kuna maziko. Imamu anaomba dua ndefu, na mstari unaofuata ulisomeka hivi: "Waumini wakaitikia kwa sauti moja: Asha!"

Mwalimu alinijibu kwa maandishi, neno moja: Astaghfirullah.

Kumbe na amina lina makao yake. Liko kwenye kila dua, na liko ndani ya "marafiki walioaminana", ambao sasa walikuwa wameashana. Tena mwizi wa waume za watu alikuwa amerudi kuitwa Asha, kama ilivyokuwa kabla mkewe hajakumbuka.

Njia yenyewe ni hii. Nilirudi kwenye faili la kabla ya upumbavu wa pili, nikahifadhi nakala yenye tarehe. Nikaweka tiki ya kutumia alama-badala, kisha nikaandika juu ([A-Za-z])amina na chini \1asha. Maana yake: tafuta amina iliyotanguliwa na herufi yoyote, kubwa au ndogo, herufi hiyo iache mahali pake. Ukiwasha alama-badala Word haichanganyi tena herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo Amina mwenyewe anabaki salama, na amina ya dua, yenye nafasi kabla yake, inabaki salama. Hata hivyo sikugusa kile kitufe. Nilikwenda moja moja, mia sita na kitu, saa mbili na dakika arobaini, nikiwaruka wale walioaminana. Aminakum nikazirekebisha kwa mkono, maana zinaanza neno. Tabaruku nikaiandika upya herufi kwa herufi, nikampigia simu Mwalimu nikamsomea.

Malipo yangu yalikuwa shilingi 2,500 kwa ukurasa, jumla 620,000, nusu nilishapokea mwanzoni. Kwenye nusu ya pili mchapishaji alikata 120,000 za nakala za mfano. Nane kati ya hizo ziliharibiwa. Ya Mwalimu iko kabatini kwake. Bi Asha amekataa kuirudisha yake.

Wiki iliyofuata nikapokea ankara kutoka Njombe. Kusoma prufu kulishalipwa na mchapishaji, hii ilikuwa ya ziada: "Kuandaa sherehe ya maneno ya Kipemba, maneno 19, kila neno sh 2,000. Jumla sh 38,000." Nililipa siku hiyo hiyo. Sikuwa na mdomo wa kumweleza. Chini ya ankara alikuwa ameongeza kwa mkono: "Neno la 12, kamina, bado nasubiri mwandishi athibitishe kama lina mguu au halina."